Magemu ya Enzi ya DOS: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

## Mambo ya mwanzo

Enzi ya DOS ni ipi hasa?

Ni miaka ile ambayo ukiwasha PC unakutana na skrini nyeusi, herufi C:\> na kistari kinachopepesa kikisubiri uchape kitu. MS-DOS, mfumo wa uendeshaji wa Microsoft, ilitoka mwaka 1981 pamoja na IBM PC ya kwanza, na kwa upande wa magemu ilishika usukani hadi katikati ya miaka ya 1990. Windows 95 ilipoingia Agosti 1995 haikuizika siku hiyohiyo. Duke Nukem 3D na Quake, yote ya 1996, bado yalitengenezwa kwa ajili ya DOS.

Mtu akikwambia "magemu ya DOS" mara nyingi ana maana ya kipande kifupi zaidi, tangu kama 1989 hadi 1996, wakati kadi ya picha ya VGA na kadi ya sauti vilipokuwa vitu vya kawaida. Naona huko ni kuyadhulumu ya mwanzo. Paratrooper ya 1982 na Digger ya 1983 zilikuwa na rangi nne na mlio mmoja, lakini mtu aliyeanza kucheza Digger jioni hakuinuka kirahisi.

Yalikuwa mazuri kweli, au tunaukumbuka utoto wetu tu?

Inategemea gemu. Yapo yaliyozeeka vibaya. Magemu ya visa ya Sierra, kuanzia King's Quest ya 1984, yalikutaka uchape maneno uliyokisia kwamba gemu linayaelewa, na ukikanyaga pembeni ya njia unakufa. Mbaya zaidi, unaweza kuacha kitu kidogo mwanzoni, ukacheza masaa, kisha ukagundua huwezi kumaliza bila kile kitu. Sioni haja ya kumshawishi mtu kwamba hilo lilikuwa raha. Ron Gilbert na wenzake wa Lucasfilm Games walilichukia vilevile, na The Secret of Monkey Island ya 1990 iliundwa makusudi ili mchezaji asife ovyo wala asikwame bila njia.

Kisha lipo kama Prince of Persia. Jordan Mechner alilitoa kwenye Apple II mwaka 1989, na likafika DOS mwaka uliofuata. Aliwapiga watu video wakikimbia na kuruka, mdogo wake akiwa miongoni mwao, akachora kila hatua juu ya picha hizo. Lifungue leo uone: mtoto wa watu anakimbia, anateleza kidogo kabla ya kusimama, ananing'inia kwenye ukingo kwa vidole. Ukishika Shift ananyata, na anaweza kupita katikati ya miiba bila kuumia. Akianguka ghorofa mbili anapoteza nukta moja ya uhai, tatu amekwisha. Hakuna anayekueleza lolote kati ya hayo. Unajifunza kwa kufa. Na una dakika 60 tu za saa halisi kwa hatua zote. Katika hatua ya 4 unakutana na kioo njiani. Ukikiruka, kivuli chako kinatoka upande wa pili na kukimbia. Kitakusumbua baadaye, na mwisho utakutana nacho ana kwa ana. Ukikichoma upanga unajichoma mwenyewe. Dawa ni kurudisha upanga alani. Wazo la namna hiyo halichakai.

Ninachokiona mara kwa mara ni mtu kufungua gemu alilolipenda, kukuta linaenda mbio, picha imebanwa na muziki unalia kama kengele ya mlango, kisha kusema "kumbe lilikuwa baya." Gemu halijabadilika hata herufi. Kilichobadilika ni mashine inayolizunguka, na sehemu kubwa ya maswali yaliyo hapa chini inahusu kuirudisha hiyo.

Sijawahi kucheza hata moja. Nianze na lipi?

Kama unapenda hadithi na utani, The Secret of Monkey Island. Kama unapenda kupanga mambo, Civilization ya 1991, ila usilifungue usiku kama kesho una kazi. Kwa vidole vyepesi, Commander Keen au Lemmings. Kwa risasi, Doom ya Desemba 1993, ambayo sehemu yake ya kwanza yenye hatua tisa ilitolewa bure tangu mwanzo na inaenda vizuri hadi leo. Usianze na X-COM, gemu la kupanga vita dhidi ya wageni wa angani, hata kama kila mtu anakusifia. Ni gemu kubwa, lakini litakunyoa bila maji.

## Kuyacheza leo

Kwa nini faili la .EXE halifunguki kwenye kompyuta yangu?

Programu nyingi za DOS ni za biti 16, na Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16 kabisa. Si hitilafu ya faili wala ya kompyuta. Unahitaji emuleta, yaani programu inayojifanya PC ya zamani: prosesa yake, kadi yake ya picha, kadi yake ya sauti, yote ndani ya dirisha moja. Inayojulikana zaidi ni DOSBox, iliyopo tangu 2002. Ni ya bure na inaenda kwenye Windows, Mac na Linux. Zipo pia dada zake mbili zinazoendelezwa kwa bidii, DOSBox Staging na DOSBox-X. Kwa mtu mgeni ningependekeza Staging, kwa sababu mambo mengi ya msingi imeshayapanga yenyewe.

DOSBox nimeshaiweka. Naona Z:\> tu. Sasa nifanye nini?

Hapo ndipo wengi wanafunga dirisha na kuondoka, na kumbe imebaki mistari minne. DOSBox haioni mafaili yako mpaka uionyeshe folda. Tuseme umetengeneza folda iitwayo magemu kwenye diski C, na ndani yake kuna folda ya gemu iitwayo prince. Chapa:

mount c c:\magemu
c:
cd prince
dir *.exe

Mstari wa mwisho unakuorodheshea mafaili yanayoweza kuendeshwa. Chapa jina la unaloona linafaa, bila .EXE, kisha Enter. Kwenye Mac na Linux tofauti ni mstari wa kwanza tu: mount c ~/magemu. Usiunganishe diski yako yote, folda ya magemu pekee inatosha, maana kinachofutwa humo kimefutwa kweli. Majina ya folda yasizidi herufi nane, kwa sababu DOS haikujua majina marefu kuliko hapo, na ukipuuza hilo utayaona yamekatwa na kuishia na ~1.

Vibonyezo vya kukumbuka: Alt na Enter kwa skrini nzima, Ctrl na F10 kumwachia kipanya atoke dirishani. Jirani yake, Ctrl na F9, inaifunga DOSBox papo hapo bila kukuuliza. Kidole kikiteleza hapo kabla hujahifadhi, pole.

ScummVM ni kitu kilekile?

Hapana. DOSBox inaigiza kompyuta nzima. ScummVM, iliyoanza 2001, haiigizi kompyuta. Inachukua mafaili ya data ya gemu na kuyaendesha kwa injini yake mpya. Ilianza na magemu ya visa ya LucasArts (jina la baadaye la Lucasfilm Games), sasa inaelewa ya makampuni mengi, yakiwemo ya Sierra. Kama gemu lako limo kwenye orodha yake, tumia ScummVM. Hutahangaika na kasi wala kadi ya sauti, unaweza kuhifadhi na kuendelea kwenye simu, na picha inakaa sawa.

Naweza kuyacheza bila kuweka chochote?

Ndiyo, kwenye kivinjari. Internet Archive iliweka maelfu ya magemu ya DOS Januari 2015, yanafunguka ndani ya ukurasa. Yanafaa kuonjea tu. Sauti hukatakata kwenye kompyuta dhaifu, baadhi ya vibonyezo huchukuliwa na kivinjari, na mara nyingi ulichohifadhi kinapotea ukifunga ukurasa.

Ni halali kuyapakua? Si yalishatelekezwa?

Kwamba gemu haliuzwi tena hakuliondolei hakimiliki. Hakimiliki hudumu makumi ya miaka, na mara nyingi mwenye mali yupo, hata kama ni kampuni iliyoinunua kampuni iliyoinunua kampuni iliyolitengeneza. Neno "yaliyotelekezwa" ni la wapenzi wa magemu, halimo katika sheria.

Njia safi zipo. GOG, duka la mtandaoni lililoanza 2008, linauza mamia ya magemu hayo yakiwa yamefungashwa pamoja na DOSBox, kwa hiyo unabofya tu. Mengine wenyewe waliyaachia bure: Beneath a Steel Sky mwaka 2003, Tyrian na The Elder Scrolls: Arena mwaka 2004, na Daggerfall mwaka 2009. Pia msimbo wa Doom uliwekwa wazi Desemba 1997, ndiyo maana unaliona likiendeshwa hadi kwenye vikokotoo. Msimbo tu, lakini. Picha na hatua za gemu kamili bado ni za kununua.

## Kasi, picha na sauti

Gemu linakimbia kama limechomwa sindano. Tatizo nini?

IBM PC ya kwanza ilikuwa na prosesa ya megahezi 4.77, na watengenezaji wengi wa mwanzo walipima muda kwa kuihesabia prosesa mizunguko mitupu. Kompyuta zilipoongezeka kasi, magemu hayo yaliongezeka nayo. Ndiyo sababu masanduku mengi ya zamani yalikuwa na kitufe cha Turbo, ambacho kinyume na jina lake kazi yake kubwa ilikuwa kuipunguza kasi mashine. Hata Wing Commander ya 1990 lina ugonjwa huo. Kwenye prosesa kali zaidi ya zile lililotengenezewa, adui anakupita kabla hujamwona.

Kwenye DOSBox kasi inaitwa cycles, na namba inaonekana juu ya dirisha. Ctrl na F11 hupunguza, Ctrl na F12 huongeza. Kwa gemu la mwanzoni mwa miaka ya 1980 jaribu 300 hadi 500. Kwa la karibu 1990, 3000 ni pa kuanzia. Kwa Doom na wenzake iachie mashine kiwango cha juu. Usiende kwa namba pekee, mtazame mhusika anavyotembea. Mwendo ukikufanya ukumbuke vidole vyako vilikuwa vinabonyeza lini, umefika. Ukiipata namba, iandike kwenye faili la mipangilio la gemu hilo, usitegemee kichwa.

Mbona watu wote kwenye picha ni wafupi na wanene?

Kwa sababu skrini yako inaonyesha piseli za mraba, na za zamani hazikuwa za mraba. Magemu ya VGA mengi yalichorwa kwa piseli 320 kwa 200, lakini monita zilikuwa na umbo la 4:3, hivyo kila piseli ilivutwa juu ikawa ndefu kuliko upana wake kwa asilimia 20. Mchoraji alilijua hilo na alichora kwa kulifidia. Ukiondoa mvuto huo, duara linakuwa yai lililolala.

Kwenye faili la mipangilio la DOSBox tafuta aspect=false, iwe aspect=true. DOSBox Staging inalifanya hili yenyewe. Kama unapenda kuona mistari ya skrini ya kioo cha zamani, Staging ina vichujio vya kuigiza hivyo pia. Mimi nilidhani ni mapambo tu hadi nilipoona anga la machweo: zile nukta zilizochorwa moja rangi hii, moja rangi ile, zinachanganyika na kuwa rangi ya tatu ambayo haimo kwenye faili.

Gemu lina rangi nne tu, buluu ya majimaji na waridi kali. Limeharibika?

Halijaharibika, hiyo ni CGA, kadi ya picha ya 1981. Kwa kawaida ilitoa rangi nne kwa wakati, na seti iliyotumika zaidi ndiyo hiyo unayoiona pamoja na nyeusi na nyeupe. EGA ya 1984 ilileta 16, VGA ya 1987 ikaleta 256. Magemu mengi yaliuliza unatumia kadi gani, na ukibonyeza Enter bila kusoma unajichagulia umaskini. Tafuta SETUP.EXE au INSTALL.EXE kwenye folda, uchague VGA.

Sauti haitoki kabisa, au muziki si ule ninaoukumbuka.

Haya ni matatizo mawili. Kama haitoki, gemu halijaambiwa kadi ya sauti iko wapi. Endesha SETUP.EXE, chagua Sound Blaster, na uweke anwani 220, IRQ 7 (laini ambayo kifaa huitumia kuiita prosesa) na DMA 1 (njia ya kupitishia data), ambazo ndizo DOSBox hutumia ikiwa hujagusa kitu. Zamani ukikosea namba hizi kompyuta iliweza kuganda, na kulikuwa na watu walioheshimika mtaani kwa sababu tu walijua printa na kadi ya sauti zinagombania IRQ 7.

Kama inatoka lakini si yenyewe, ujue kwamba gemu moja lilikuwa na sauti kadhaa. Kipaza kidogo cha ndani ya PC kilitoa mlio mmoja kwa wakati. Kadi ya AdLib ya 1987 ilitumia chipu ya Yamaha yenye sauti tisa, na Sound Blaster ya Creative ya 1989 ikabeba chipu ileile na kuongeza sauti zilizorekodiwa. Juu kabisa kulikuwa na Roland MT-32, boksi la kuweka mezani lililogharimu pesa nyingi, na watunzi wengi waliandika muziki kwa hilo kwanza kisha wakaubana kwa kadi za wengine.

Kwa hiyo ukisikia mtu akisema toleo la MT-32 ndilo "sahihi", kitaalamu ana hoja. Ila kama ulikulia kwenye AdLib, hilo litakuwa geni masikioni mwako hata likiwa zuri. Chagua ulilolisikia wewe.

## Mambo magumu na ya ajabu

Gemu linasema kumbukumbu haitoshi, na kompyuta yangu ina gigabaiti 16!

Gemu haliioni kompyuta yako, linaiona ile ya kuigizwa, na hiyo inafuata sheria za zamani. Prosesa ya 8088 iliweza kufikia megabaiti moja tu. IBM ikaitengea kilobaiti 384 za juu kadi ya picha na mambo ya ndani ya mashine, programu zikabaki na kilobaiti 640. Baadaye watu walikuwa na megabaiti nne au nane, lakini DOS iliendelea kuishi ndani ya zile 640, na kila kitu kilichopakiwa, kuanzia kipanya hadi diski ya CD, kilimega hapo.

Ndiyo maana kizazi kizima kilijifunza kuhariri CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT, mafaili ambayo DOS huyasoma ikiwaka, kabla ya kujifunza kitu kingine chochote cha kompyuta. Unatoa mstari huu, unaanzisha upya, unachapa MEM kuona kumbukumbu iliyobaki, unakuta umepata kilobaiti tatu na gemu linataka nne. Ultima VII ya 1992 lilizidisha: lilikuwa na utaratibu wake wa kumbukumbu uliokorofishana na EMM386, programu ambayo magemu mengine yaliihitaji.

DOSBox inakuachia zaidi ya kilobaiti 600, hivyo ujumbe huo ni nadra. Ukiupata, badilisha ems au xms (aina mbili za kumbukumbu ya ziada) kwenye mipangilio kuwa false, moja baada ya nyingine, maana magemu mengine huchanganyikiwa na wingi. Na ile kauli kwamba kilobaiti 640 zinamtosha kila mtu, anayobandikwa Bill Gates, mwenyewe ameikana.

Gemu linaniuliza mwaka au alama ambayo sijui inatoka wapi.

Ni kinga ya kunakili. Kwa kuwa disketi ilinakilika kwa dakika chache, jibu liliwekwa kwenye karatasi. Monkey Island lilikuja na gurudumu la makaratasi mawili: unalinganisha nusu mbili za uso wa haramia na kusoma mwaka kwenye tundu. Prince of Persia lilikuweka kwenye chumba chenye chupa nyingi na kukutaka unywe iliyo na herufi sahihi kutoka kwenye kitabu cha maelekezo. Ukinunua toleo la kisasa, ama kinga imeondolewa, ama kitabu kimo ndani kama PDF. Kisome hata kama huulizwi. Vitabu hivyo vilibeba nusu ya hadithi ambayo haikuenea kwenye disketi.

Runtime error 200 ni nini?

Ni hitilafu ya programu iliyoandikwa kwa Turbo Pascal, lugha ya kuandikia programu ya enzi hizo. Ikianza hupima kasi ya prosesa, na prosesa ikiwa na kasi kupita kiasi hesabu inafurika na programu inaanguka. Punguza cycles kabla ya kuiendesha (tazama swali la kasi), kisha zipandishe.

Ni kweli Gandhi wa Civilization alirusha mabomu ya nyuklia kwa sababu ya hitilafu ya hesabu?

Hadithi inasema ukali wake ulikuwa 1, ukapunguzwa 2 akifikia demokrasia, namba ikazunguka na kuwa 255. Inapendeza na imesambaa kila mahali, lakini Sid Meier mwenyewe, mbunifu wa gemu hilo, aliikanusha mwaka 2020. Hitilafu hiyo haikuwemo. Gandhi akifika kwenye teknolojia ya nyuklia alikuwa kiongozi wa kutisha kama wengine wote, ila kwake ndipo watu waliposhtuka.

Nina boksi la disketi za zamani. Nizifanyeje?

Usiziingize tu kwanza. Zizuie kuandikwa: za inchi 3.5 fungua kile kidirisha pembeni, za inchi 5.25 ziba pengo la ukingoni kwa karatasi ya gundi. Ndiyo, ni kinyume, mmoja hufungua na mwingine huziba. Zikague kwa ukungu, maana disketi yenye ukungu inachafua kichwa cha kusomea na kuiambukiza inayofuata.

Za 3.5 zinasomwa na kisomaji cha USB cha kawaida. Za 5.25 hazina kisomaji hicho. Utahitaji kiendeshi cha zamani na kifaa kama Greaseweazle, kinachosoma sumaku yenyewe na kuhifadhi taswira ya disketi nzima, hata zile zenye kinga za ajabu. Tengeneza taswira mara moja, uhifadhi nakala, kisha ufanye majaribio yako kwenye nakala. Kama disketi inatoa sauti ya kukwaruza, itoe hapohapo. Kila mzunguko unakula kilichobaki.

Nalikumbuka gemu lakini jina limenitoka kabisa.

Andika kwanza unachokumbuka kabla ya kuanza kutazama picha mtandaoni, kwa sababu picha za magemu mengine zitajichanganya na kumbukumbu yako na kuipindisha. Vinavyosaidia zaidi si hadithi wala wahusika, bali mambo makavu: lilitazamwa kutoka juu, ubavuni au machoni pa mchezaji? Rangi zilikuwa nne, 16 au nyingi (tazama swali la CGA)? Ulitumia kipanya? Kulikuwa na nyimbo au milio tu? Lilikaa kwenye disketi moja? Majibu hayo peke yake yanakupa miaka miwili mitatu ya kutafuta.

Kisha nenda MobyGames, tovuti yenye orodha ya magemu, ambako unaweza kuchuja kwa mwaka, aina na mfumo, ukague picha moja baada ya nyingine. Kama folda unaikumbuka lakini jina hulikumbuki, itafute hiyo. Mtu aliyechapa CD KEEN4 kila siku baada ya shule huwa anaikumbuka amri muda mrefu baada ya kusahau kwamba lile gemu liliitwa Commander Keen.